Mtumbwi wa futi 22 ulinishinda Mtera, wa futi 14 ndio unaonilisha

Nimevua bwawa la Mtera miaka 11 sasa, na 9 kati ya hiyo nilivua na mdogo wangu. Yeye kasia, mimi nyavu. Alipopata kazi Dodoma mjini nikabaki peke yangu, ndipo nikaanza kuuliza watu ninunue mtumbwi wa ukubwa gani. Wote jibu moja: "Chukua mkubwa, Mtera si kisima." Mmoja pale mwaloni, tunapofungia mitumbwi, aliniapia kwamba chini ya futi 20 ni kujitafutia kifo. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nani atashika kasia wakati mimi navuta nyavu. Hilo linaniuma mpaka leo, maana ushauri ule ulinila msimu mzima.

Nikanunua wa futi 22, umetumika lakini mzima, kwa laki tisa na kitu. Ukiwa umefungwa mwaloni ulipendeza kweli.

Siku iliyonifungua macho ilikuwa ya Septemba. Nilitoka alfajiri, maji yametulia, nikafika bila taabu kwenye nyavu nilizotega jirani na ile miti mikavu iliyosimama majini. Kwenye saa nne na nusu upepo ukaanza. Mimi nimekaa nyuma, kilo 78, mbele hakuna mtu wala mzigo, kwa hiyo pua ya mtumbwi ikanyanyuka na upepo ukaikamata. Nikipiga kasia kuirudisha, inarudi kidogo, kisha inazungushwa tena. Nikahamia katikati. Ukatulia, lakini pale katikati ni mpana kiasi kwamba kasia halishiki maji upande wa pili mpaka uinuke na kuhama. Nikaenda mbele, sasa nyuma ndiyo ikawa inapeperushwa. Mikono ikaisha nguvu, nikasukumwa hadi kwenye miti, ubao wa ubavuni ukapasuka kidogo. Nikafunga kamba kwenye shina moja na kukaa pale tangu saa sita mpaka jua linaelekea kuzama, nikiyaona maboya ya nyavu zangu kama mita 100 tu mbele, na siwezi kuyafikia. Kila nikisikia viboko nagonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia ili wajue kuna mtu. Upepo ulipolegea nikavuta nyavu. Perege walionasa asubuhi walikuwa wameshaharibika.

Tena hapo sijasema habari ya kuuvuta nchi kavu. Bwawa hili likijaa, kimo cha maji ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kikomo cha chini cha kuzalishia umeme ni 690. Kwa ardhi tambarare kama yetu, maji yakishuka mita moja tu, ufuko unakukimbia mbali na kukuachia tope. Mtumbwi ule ulihitaji wanaume wanne kila jioni, na kila mmoja haondoki bila perege wa kitoweo. Navua peke yangu, nagawana na wanne.

Nikaenda upande wa pili kabisa: nikaazima kwa shemeji mtumbwi wa futi 10, mwembamba. Huo nilitumia siku mbili. Ukiinuka kuvuta nyavu unalala upande, na kambale mmoja mkubwa akijirusha ndani, maji yanaingia. Nikaurudisha na shukrani.

Baada ya hapo nilivuka ukuta wa bwawa kwenda upande wa Iringa, kwa mzee mmoja fundi wa mitumbwi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akaniuliza swali ambalo nililisubiri mwaka mzima: "Mwanangu, unatoka na nani?" Nikamwambia niko peke yangu. Akasema basi urefu tuuache kwanza, tuanze na upana. Tukakubaliana futi 14, upana wa chini futi tatu na nusu, na chini iwe bapa. Chini bapa hukuruhusu kusimama bila kuyumba sana, na hupita juu ya tope ambapo mkuku, ule ubao wa uti wa chini wa chombo, ungezama.

Kabla sijamaliza kulipa nilimwomba tuujaribu kwa njia yangu, na hii najivunia. Nilibeba madumu 8 ya lita 20. Dumu moja likijaa maji ni kilo 20, kwa hiyo manne yanatosha kuwa mimi, manne mengine ndiyo nyavu mbichi na samaki. Nikayapanga ndani, mtumbwi ukiwa majini, nikapima kwa mkono kutoka maji hadi ukingoni: shibiri moja na nusu. Kisha nikayasogeza yote ubavu mmoja, kama vile mtu ameinama kunyanyua nyavu. Ukingo ulishuka, lakini bado vidole vinne vilipita juu ya maji. Mzee alidhani simwamini. Alipoona, akaomba madumu yale yabaki kwake ili awapimie wateja wengine. Nilimwachia mawili.

Kiti niliagiza kikae nyuma kidogo tu ya katikati. Ninapokwenda bila mzigo naweka kiroba cha mchanga mbele, pua inakaa chini, na kiroba hichohicho nikikifunga kamba ni nanga. Kutoa maji ndani, dumu lililokatwa linashinda kopo. Kuuvuta natumia vipande vitatu vya bomba la plastiki, nautanguliza juu yake na kuhamisha cha nyuma kuja mbele; hata nikiwa nimechoka unapanda wenyewe. Jaketi la kuokolea navaa tangu nchi kavu, kwa sababu ukianguka ukiwa peke yako hakuna wa kukurushia. Na ikifika saa nne niko njiani kurudi, hata kama samaki wanaingia.

Gharama yote pamoja na lami na usafiri ilikuwa kwenye laki saba. Leseni na usajili wa chombo huvikwepi, mtumbwi uwe mdogo au mkubwa.

Ule wa futi 22 niliwauzia vijana wawili wa Migoli, ndugu. Mmoja anakaa mbele, mwingine nyuma, na nikikutana nao majini unakwenda sawasawa kabisa.