Yadi 40 si mita 40

Kijana akikwambia "mimi nina 4.4", yaani sekunde 4.4 katika mbio za yadi 40, muulize kwanza nani alishika saa, na alisimama wapi. NFL, ligi ya soka la Kimarekani, huwapima wachezaji wa vyuo mjini Indianapolis kabla ya drafti ya Aprili, ambapo timu huchagua wachezaji wapya, na tangu 2017 ina mpango wa kulea wanamichezo wa nje ya Marekani. Kwa hiyo kijana wa raga au riadha wa Arusha au Moshi ana sababu ya kutaka kujua namba zake. Ila ziwe namba za kweli.

Kosa la kwanza ni umbali. Yadi 40 ni mita 36.58. Ukimkimbiza mita 40 kamili umemwongezea mita 3.42, na kwa mwendo wa mita 9 kwa sekunde hizo ni sekunde 0.38. Rekodi ya Indianapolis ni 4.21, ya Xavier Worthy mwaka 2024, ongeza 0.38 uone anavyogeuka mkimbiaji wa kawaida. Pima kwa futi kamba iliyokazwa, usihesabu hatua. Weka alama pia kwenye mita 9.14 na 18.29, kwa sababu makocha husoma sana yadi 10 za mwanzo.

Kosa la pili, na hili ndilo linalodanganya zaidi, ni saa ya mkononi. Mpimaji huchelewa kubonyeza mwanzo kwa sababu anashtukizwa, lakini mwisho anamwona mkimbiaji akija na anabonyeza kwa wakati. Muda unapungua, wote wanafurahi. Kule Indianapolis saa huanzishwa na mtu anapoona mchezaji ameanza kujisogeza, kisha mionzi ndiyo inayoisimamisha. Hakuna mlio wa bastola, kwa hiyo usilinganishe muda huo na wa mbio za Olimpiki.

Huku kwetu simu inatosha. Irekodi picha 60 kwa sekunde, mchana kweupe, maana gizani simu nyingi hupunguza idadi ya picha zenyewe. Mpiga picha asimame usawa wa mstari wa mwisho, aanze kwa kumlenga kijana akiwa ameinama na mkono mmoja chini, ametulia kabisa. Kijana akitoka, simu imfuate hadi irudi kutazama mstari moja kwa moja. Kisha hesabu picha tangu mkono unaachia ardhi hadi kifua kinavuka. Picha 276 gawanya kwa 60: 4.60. Akimbie mara mbili, pande zote mbili za uwanja, ili upepo na mteremko vionekane. Nyasi zilizolowa za masika hazifai hata ukiwa na njumu nzuri. Andika pia mahali: Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na hewa nyepesi humsaidia kidogo mkimbiaji wa mbio fupi kuliko ya Moshi.

Chuma cha kusukuma juu ukiwa umelala chali kwenye benchi ni kilo 102, yaani ratili 225, na kinachohesabiwa ni mara ngapi. Mti wa kilo 20, kisha kila upande 20, 20 na 1. Kama vyuma ni vya saruji, usiamini kilichoandikwa kwa rangi; vipeleke kwenye mizani ya muuza nafaka pale soko la Kilombero, Arusha. Viwiko vinyooke kabisa kila mara, na chuma kisidundishwe kifuani. Na mtu wa kudaka asimame kichwani pake, hili halina mjadala.

Kuruka juu kunaharibikia ukutani kabla ya kuruka: kijana asiponyoosha bega lote wakati wa kupima urefu wa mkono, sentimita anazoficha zinarudi kama za kuruka. Visigino chini, asipige hatua. Kuruka mbele, pima kutoka mstari hadi kisigino kilichobaki nyuma zaidi. Akianguka kinyumenyume, arudie.

Koni tatu zenye umbo la L huachana mita 4.57. Pembe ya kati iwe mraba: pima mita 3 upande mmoja na 4 upande wa pili, na kamba kati ya ncha hizo isome 5. Ikisoma zaidi, pembe imefunguka, kona imekuwa nyepesi, na muda utakaoandika ni wa zoezi lingine.