Rupia na Mchele wa Kyela

Baba mkubwa hakuwa mjinga. Nalisema mapema kwa sababu visa vya namna hii husimuliwa kana kwamba wanaolizwa ni watu wasiojua kuhesabu vidole vyao. Alikuwa katibu wa chama cha ushirika kijijini, chini ya Tukuyu ukishuka kuelekea Masoko, na mahesabu ya kahawa ya wanachama aliyapitia mpaka senti ya mwisho. Ukimpelekea risiti isiyo na muhuri, anakurudisha ulikotoka. Ila ukimpelekea habari ya mali iliyofichwa na Mjerumani, muhuri hakuuliza.

Na kwetu Rungwe habari hiyo ina pa kushikia. Wajerumani walikuwepo kweli. Tukuyu ilikuwa boma lao, wakaiita Neu Langenburg, na kule Masoko, kando ya lile ziwa la duara lililokaa ndani ya shimo la volkano, walikuwa na kambi ya askari. Jengo lao baadaye likawa mahakama ya mwanzo. Mwezi Mei 1916 Waingereza waliingia wakitokea Nyasaland, Malawi ya leo, na wenye boma wakaondoka mbiombio. Inasimuliwa kwamba kabla ya kuondoka walitumbukiza ziwani silaha na masanduku ya dhahabu. Masanduku hakuna aliyeyaona. Sarafu za enzi hizo, ndiyo, watu wameziokota ufukweni. Uongo mtupu ungeshakufa zamani. Huu ulikuwa unalishwa ukweli kidogo kidogo, ukanenepa.

Tena miaka ya 1990 walifika watafiti, Wafaransa wakiwemo, kutoboa tope la chini ya ziwa. Walikuwa wanatafuta historia ya mvua na ukame, maana tope la Masoko limejilaza tabaka juu ya tabaka kwa zaidi ya miaka 40,000. Sasa kamweleze mtu kilabuni kwamba Mzungu ametoka kwao, amepanda ndege, amebeba tope, ameondoka. Baba mkubwa alikuwa akicheka mpaka anakohoa. "Tope! Na yale mabomba, ndani kulikuwa na nini?" Ndani kulikuwa na tope.

Desemba 2003 nilikuwa nimefunga shule, kidato cha pili, nikapelekwa kwake likizo. Mvua ilikuwa ile ya Tukuyu, isiyoomba ruhusa. Ndipo akaja mtaalamu wa kutafuta mali zilizofichwa. Alijitambulisha kwamba ametokea Sumbawanga, na nadhani kutaja Sumbawanga tu, mji unaosifika kwa waganga, kulimpandisha cheo kabla hata hajavua koti. Alikuwa mpole, alisema shikamoo kwa kila aliyemzidi hata mwaka mmoja, na hakuomba hela. Hilo la kutoomba hela baba mkubwa alilirudia mara nyingi, kama ushahidi.

Usiku alitoa rupia, sarafu ya enzi za Mjerumani, kwenye kitambaa chekundu. Niliishika. Ilikuwa nzito, upande mmoja kichwa cha Kaisari mwenye masharubu na kofia iliyokaliwa na tai. Akaomba sinia. Akamwaga mchele kidogo, akaweka rupia katikati, akapitisha mkono chini ya sinia akisema anaipa joto. Punje zikaanza kutembea. Sitanii, zilitambaa zikaisogelea ile sarafu, moja moja, kisha kwa kundi. Rupia halali huvuta mchele, akasema, na hii inawaita wenzake walio ardhini hapa hapa kwenye kiwanja hiki. Baba mkubwa alifunga mlango kwa komeo.

Mama mkubwa alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kibatari. Aliingia ndani, akatoka na bakuli la mchele wake wa Kyela, ule wa kunukia uliokuwa umewekwa kwa ajili ya Krismasi.

"Mgeni, jaribu na huu."

"Huo hapana, mama. Wa Kyela una mafuta mengi, unateleza."

"Haya, upo wa Mbarali."

"Mama," akasema yule bwana kwa upole uleule, "mzigo ulio ardhini ukichezewa unahama."

Baba mkubwa akamtazama mkewe jicho moja tu, naye akarudi jikoni. Baadaye, tukiosha vyombo, aliniambia mchele wa mgeni ulikuwa na weusi, kama uliosafirishwa na mkaa. Mwaka uliofuata shuleni tulisoma sumaku. Rupia za Mjerumani zilikuwa za fedha, na fedha haivutwi na sumaku wala haivuti kitu. Mchele nao hauvutwi, labda mtu awe ameupaka unga wa chuma na ameficha sumaku kiganjani. Lakini hata bila fizikia, mama mkubwa alikuwa ameshauliza swali lenyewe. Alichokosa ni mtu wa kulisikiliza, kwa sababu mle ndani kumjaribu mgeni kulihesabika kuwa utovu wa adabu.

Mtaalamu alikuwa na karatasi pia. Ya zamani kweli, imeliwa pembeni, maandishi ya Kijerumani na mchoro wenye mistari na herufi. Ramani, akasema, ila imeandikwa kwa siri za jeshi. Nikapewa niisome kwa kuwa nasoma sekondari. Nikasema Kijerumani hatufundishwi. Baba mkubwa akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati, na kesho yake tukapanda naye mpaka kwa mzee mmoja, mwinjilisti mstaafu wa Moravian. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891 wakitokea Ujerumani, na huyu mzee alikuwa amefanya kazi na wamisionari ujanani mpaka lugha ikamkaa.

Mzee alivaa miwani, akaisoma yote taratibu, midomo ikicheza. Akaigeuza nyuma. Akarudi mbele.

"Haya ni maelekezo ya pampu," akasema.

"Pampu?"

"Pampu ya maji. Hapa wanasema namna ya kubadilisha mpira ukichakaa. Na hapa, usiiwashe ikiwa kavu."

Nilifikiri hadithi imeishia hapo. Baba mkubwa alishukuru, "ndaga, ndaga," akampa mzee mkungu wa ndizi tuliokuja nao. Tulipofika barabarani akanishika bega, macho yanawaka. "Umesikia? Maji! Mjerumani hawezi kuandika 'dhahabu' kwa herufi. Ameandika maji. Na kavu: sehemu ya mali iko ziwani, nyingine wameiacha nchi kavu." Mpaka leo sijapata kuona mtu akibomolewa nyumba na papo hapo akaitumia matofali yake kujenga ghorofa.

Ng'ombe akauzwa wiki ile. Hela haikuwa ya mtaalamu, jamani. Ilikuwa ya kafara, na ya dawa ya kuutuliza mzigo usihame. Tulichimba usiku nyuma ya nyumba, chini ya mkaratusi, baba mkubwa na wanawe, mimi nikishika taa ya chemli na mwamvuli. Udongo wa kwetu ni laini, wa majivu ya volkano, unaingia mpaka usiku wa tatu hujagonga jiwe. Ndani ya shimo kulikuwa na maji kila asubuhi.

Halafu sarafu ikapatikana. Kweli kabisa: ya rangi ya shaba, heller 20, mwaka 1916, na chini yake herufi T. Mtaalamu mwenyewe alikuwa ndani ya shimo wakati huo, ameomba kuingia ili asikilize ardhi. Herufi ile ni ya Tabora, ambako Wajerumani walipiga sarafu wakati wa vita baada ya kukatiwa njia ya baharini. Ya Tabora, ya mwaka uleule ambao boma la Tukuyu lilianguka mwezi wa tano. Ingebidi isafiri kwa haraka sana ili iwahi kuzikwa kwetu. Naona ilisafiri baadaye, kwenye mfuko wa koti.

Siku mbili mbele mtaalamu alikwenda Mbeya mjini kufuata dawa iliyopungua. Hayo yaliyobaki unayajua.

Mama mkubwa hakupiga kelele. Alisubiri mvua zipite, akajaza shimo samadi, akapanda migomba, na ilizaa vizuri kuliko yote. Mumewe aliruhusu kwa sharti moja, kwamba asijenge kitu cha saruji pale. Sarafu akaitunza kwenye kopo la kahawa.

Mwaka juzi nilipita kumsalimu baba mkubwa. Akaitoa, akaniambia nimtazamie bei kwenye simu. Nikamtafutia, nikamwonyesha picha za zilezile, heller 20, T, 1916, zinauzwa Ulaya. Zimejaa. Bei yake haifiki mbuzi. Alizitazama kwa makini, akilinganisha kila moja na ya kwake, miwani imeshuka puani, kama zamani na risiti za kahawa.

"Hawa wa intaneti," akasema akiirudisha koponi, "bei halisi hawawezi kuiweka hadharani. Wewe ungeiweka?"