Nani anasema hapa?

Shuleni tulifundishwa kujificha. Kwenye insha za kujiandaa na Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari huku Kongo, mwalimu wetu wa Kifaransa alipiga mstari mwekundu chini ya kila "je", yaani "mimi", nasi tukawa hodari wa "on constate que", "inaonekana kwamba". Kwa mtihani sina ubishi. Shida ni kwamba wengi tumeubeba mtindo huo hadi kwenye makala za maoni, ambako msomaji hatoi alama. Anaamua tu kama akuamini au akuache.

Juma hili mtoto wa dada yangu, mwanafunzi hapa Lubumbashi, ameniletea makala yake juu ya unga. Ilianza hivi: "Ni dhahiri kwamba ughali wa unga umekuwa mzigo mkubwa kwa wananchi." Hakuna uongo humo. Lakini nani anasema? Sentensi hiyo angeweza kuiandika waziri, au mtu asiyewahi kuonja bukari, ugali wetu. Nikamuuliza yeye mwenyewe ameona nini. Akajibu, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba mama anayewauzia unga soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, siku hizi akishajaza meka, kopo la kupimia, anapitisha kiganja juu yake kuusawazisha. Zamani aliacha kilima, tena akatupia matabishi, nyongeza ya bure. Bei anayotaja ni ileile.

"Hilo ndilo uandike," nikamwambia.

"Mjomba, si nitaonekana najisifu?"

Ajisifu kwa lipi, kwa kutumwa unga? Kiganja kile kimebeba hoja nzima. Anayenunua Kenya au Katuba amekiona, na ambaye hajakiona anaweza kwenda kesho kutazama. Anayeandika "nimeona" anasimama mahali ambapo akisema uongo atakamatwa, na ndiyo maana tunampa sikio. Aristotle alikwisha kulisema katika karne ya 4 K.K.: msemaji hushawishi kwa hoja, kwa kugusa hisia, na kwa jinsi yeye mwenyewe anavyoonekana wa kuaminika. "Naona", "nadhani", "kwa maoni yangu mimi" havimo humo. Hivyo ni kukohoa kabla ya kusema.

Bila shaka kiganja hakielezi kila kitu. Mahindi mengi tunayokula huku yanatoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Wenzetu wakizuia kuuza nje, sisi tunalala na wasiwasi. Hapo anayehitajika ni mtu wa takwimu, na "mimi" akae pembeni.

Kilichonichelewesha zaidi ni aya yake ya mwisho: "Sisi Wakatanga tumechoka," yaani sisi watu wa Katanga, eneo letu hili. Nilikaa nayo muda mrefu. "Sisi" ina nguvu kuliko "mimi", najua. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru wa Kongo, baada ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji kumsifu Leopold wa Pili mbele ya watu ambao Leopold huyo aliwatawala, Waziri Mkuu Lumumba alijibu kwa "sisi": sisi tuliotukanwa na kupigwa, sisi tuliosafirishwa chini kwenye mashua huku Mzungu akiwa juu katika chumba chake cha anasa. Watu walijikuta ndani ya maneno yale kwa sababu aliyeyasema alikuwa ameyaishi; mwezi wa Januari mwaka huohuo alikuwa bado mfungwa Jadotville, Likasi ya leo. "Sisi" yake ilikuwa na risiti.

Lakini mji huu unaijua "sisi" nyingine pia. Mwaka 1992 na 1993, "sisi Wakatanga" ilitosha kuwatoa majumbani watu wenye asili ya Kasai, eneo jingine la Kongo, waliozaliwa hapahapa, na kuwarundika kwenye stesheni za treni wakisubiri kupelekwa ambako wengine hawakuwahi kukanyaga. Nilipomkumbusha mtoto alinyamaza, kisha akauliza kama "sisi wanunuzi" ingefaa. Ni bora. Angalau mtu huingia humo kwa mfuko wake, si kwa ukoo wake.

Bado nina swali moja, nalo nimemwachia. Yule mama wa meka yumo katika "sisi" hiyo? Gunia lake analinunua kwa bei asiyoipanga yeye, na kilima alichokifuta huenda ndicho ada ya mwanawe. Makala haijamuuliza hata neno. Mtoto amesema atapita kwake Jumamosi, kabla ya kuituma popote.