Siku moja maishani mwangu: kuwatembeza wageni Bath, mbele na nyuma ya nyumba

Saa 12:30 asubuhi

Ninaongoza watalii kwa miguu mjini Bath, kusini magharibi mwa Uingereza. Wengi wanaonilipa ni Wamarekani na Wajerumani wanaomfuata Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa zamani aliyewahi kuishi hapa, na siku hizi wasichana walioiona ile tamthilia ya Netflix ya magauni na mabibi wa zamani. Leo kuna familia inatoka Reading: mzee na shangazi waliokuja kutoka Tanga kuwaona watoto wao, mwalimu wa fasihi aliyefuatana nao, na vijana wawili waliozaliwa hukuhuku, Kiswahili wanakielewa vizuri ila wanajibu kwa Kiingereza. Kutwa nzima nitakuwa naongea lugha yangu kazini, jambo ambalo halinitokei mara nyingi.

Kabla ya chai naangalia mvua. Huku huulizi kama itanyesha, unauliza saa ngapi. Simu inasema saa nane mchana. Vizuri, saa nane tutakuwa tunakula. Natia begini miavuli ya akiba, chupa ya chai ya tangawizi na picha za zamani nilizozipitisha kwenye plastiki.

Saa 3 asubuhi

Nashuka mjini mapema nikaipitie njia yote. Njia ya jana si lazima iwe ya leo: pengine mafundi wamesimamisha jukwaa mbele ya nyumba unayotaka kuionyesha, pengine mpiga gitaa ameweka spika yake palepale unaposimama. Halafu kuna vilima. Bath imekaa bondeni mwa mto Avon, na mitaa yake ya fahari iko juu. Nimeambiwa mzee anatembelea bakora, kwa hiyo namuagiza teksi ya saa tisa. Wazee watapanda kwa gari, sisi wengine tutapanda kwa magoti yetu.

Saa 4 asubuhi

“Shikamoo mzee, shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Baridi yote hii ni kiangazi?”

Tunaanzia uwanjani mbele ya kanisa la Bath Abbey. Mahali hapa mwaka 973 alitawazwa Edgar, mfalme wa Waingereza, ingawa kanisa tunaloliona ni la baadaye sana. Usoni pake kuna ngazi mbili za mawe na malaika wanaozipanda. Wengine wameelekea chini, kichwa mbele. Vijana wanapiga picha. Ndani, kuta zimejaa vibao vya kumbukumbu ya marehemu, na ukisoma kwa makini utakuta baadhi yao walikuwa na mashamba katika visiwa vya Karibi. Nawaambia wavisome, halafu waviweke akilini mpaka alasiri.

Saa 5 asubuhi

Mabafu ya Warumi. Hapa sihitaji kuongea sana, maji yanajieleza yenyewe. Yanatoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi 46 hivi, zaidi ya lita milioni moja kwa siku, na kwenye bwawa kubwa yamekuwa ya kijani kwa sababu ya mwani na jua. Warumi walijenga hekalu la Sulis Minerva, mungu mke waliyemuunganisha na yule wa wenyeji waliyemkuta.

Kinachowashika wageni wangu ni kabati la vipande vya risasi. Si risasi za bunduki, ni madini ya risasi yaliyofuliwa yakawa membamba kama karatasi. Mtu akiibiwa aliandika shitaka lake juu ya kipande, akakikunja, akakitupa kwenye chemchemi ili mungu amshughulikie mwizi. Vimeokotwa vipande 130 hivi. Mmoja aitwaye Docimedis alipoteza glavu mbili, naye anaomba aliyezichukua apoteze akili na macho yake. Kwa glavu! Vingine havijui mwizi ni nani, kwa hiyo vinaziba kila mlango: awe mwanamume au mwanamke, mtumwa au mtu huru.

Shangazi ameegemea kioo. “Kumbe hawa nao walikuwa wanasoma halbadiri.”

Mzee anacheka hadi anatafuta pa kukaa. Miaka yote nawaelezea watu vibao hivi kwa maneno marefu, na sentensi moja ya shangazi imeyamaliza yote. Vijana hawaijui halbadiri, basi dakika kumi nzima ni shangazi anayeongoza ziara: kuku wa jirani aliyepotea, kisomo kilichotangazwa mtaani, na kuku akaonekana kabla ya magharibi. Mimi nimesimama pembeni na tiketi zangu.

Tukitoka tunapitia ukumbi wa Pump Room, ambako mabwana na mabibi wa karne ya 18 walikuja kunywa maji haya kama dawa na kutazamana. Mwalimu anaonja. Ni vuguvugu, yana ladha ya chuma. Hamalizi.

Saa 6:30 mchana

Nje ya Pump Room kuna kibao ambacho wapita njia wengi hawakioni. Hapa palikuwa na nyumba ya kupanga, ikabomolewa ukumbi ulipopanuliwa. Septemba 1816 alifika msichana wa miaka 19, Mary Godwin, pamoja na mshairi Percy Shelley, ambaye wakati huo alikuwa na mke London. Walikuwa na Claire, ndugu wa kambo wa Mary, mwenye mimba ya Lord Byron, mshairi mwingine. Bath ilikuwa mahali pazuri pa kuificha mimba hiyo, maana mji wa kupita wageni hauulizi maswali. Katika miezi hiyo michache dada wa Mary alijiua, mke wa Shelley akajiua, Mary akafunga ndoa na Shelley, na mtoto wa Claire akazaliwa. Na katika vyumba hivyo Mary aliandika sehemu kubwa ya riwaya ya Frankenstein, iliyotoka 1818.

“Kitabu chenyewe,” anasema mwalimu, “ni cha kiumbe aliyekataliwa na aliyemuumba.” Nasubiri aendelee, haendelei. Huyu ni mwalimu mzuri.

Tunapanda Milsom Street na Bond Street, mitaa ya maduka tangu enzi hizo. Hapa ninampenda Sir Walter Elliot, baba mtu katika Persuasion ya Jane Austen. Madeni yamemshinda, amekodisha jumba lake la shamba, amehamia Bath kwa sababu hapa mtu anaweza kuonekana mkubwa kwa gharama ndogo. Anasimama katika duka la Bond Street anahesabu wanawake wanaopita: 87, na hakuna hata mmoja mwenye sura ya kuvumilika. Vijana wanaanza kuhesabu wanaume.

Saa 7:30 mchana

Chakula. Mwenye mgahawa hunipa chumba cha juu, mzee anaswali adhuhuri wakati sisi tunaagiza. Saa nane na dakika tano mvua inashuka kama ilivyoahidiwa. Supu, mkate, samaki. Shangazi anamkubali samaki, hauelewi mchuzi.

Saa 9 alasiri

Teksi imewachukua wazee. Sisi tunapanda Gay Street. Kwenye namba 25 natoa noti ya pauni 10 mfukoni, ile yenye sura ya Jane Austen, iliyotoka 2017. Austen aliletwa Bath na wazazi wake mwaka 1801, baba alipostaafu uchungaji. Baba akafariki mwanzoni mwa 1805, na mama na mabinti wakaanza kuhama vyumba, hapa Gay Street ikiwa mojawapo, hadi walipoondoka 1806. Miaka hiyo aliandika kidogo sana. Riwaya moja aliianza akaiacha. Mwaka 1803 kitabu alichokwisha kukiandika, ambacho baadaye kilikuja kuitwa Northanger Abbey, kiliuzwa kwa mchapishaji wa London. Bei: pauni 10. Mchapishaji akakikalia. Kilitoka mwishoni mwa 1817, mwandishi akiwa kaburini miezi kadhaa.

Mwalimu anaichukua noti, anaigeuza, ananirudishia.

Mwaka 1808 Austen alimwandikia dada yake akikumbuka siku walipoihama Bath, na neno alilotumia ni la mtu aliyeponyoka. Mji mzima leo unauza vikombe, mifuko na magauni yenye sura ya mwanamke aliyefurahi kuuhama. Mimi mwenyewe nala kwa jina lake, kwa hiyo sisemi zaidi.

Juu tunawakuta wazee wameketi The Circus, duara la nyumba 33 alilobuni John Wood mkubwa. Alifariki mwaka ujenzi ulipoanza, 1754, mwanawe akalimaliza. Juu ya paa kuna mbegu za mwaloni za mawe, na hadithi yake ni ya Bladud, mwana wa mfalme aliyepata ukoma, akafukuzwa, akawa mchunga nguruwe, nguruwe wakaoga matope ya moto wakapona, naye akafuata, akapona, akauanzisha mji huu.

“Sasa nguruwe ndio waliojenga mji?” anauliza shangazi.

“Kwa hadithi tu, shangazi.”

Dakika chache kwa miguu, Royal Crescent. Hapa naacha watu wanyamaze kwanza. Nyumba 30 zimeshikana katika nusu duara moja, nguzo 114, nyasi mbele zinashuka bondeni. John Wood mdogo aliijenga kati ya 1767 na katikati ya miaka ya 1770. Milango ni myeupe yote isipokuwa mmoja wa manjano: miaka ya 1970 mwenye nyumba aliupaka rangi aliyoitaka, halmashauri ikamtaka aurudishe uwe mweupe, kesi ikafika kwa waziri, bibi akashinda. Ninasimama mbali na milango; wenyeji wametuchoka waongoza watalii, na siwalaumu.

Mmoja wa vijana anauliza, kwa Kiswahili safari hii: “Hela ilitoka wapi?”

Swali hilo ndilo nililokuwa nalisubiri tangu kanisani. Ilitoka sehemu nyingi, ila sukari ya Karibi ilikuwamo, na sukari ile ilivunwa na Waafrika waliotumikishwa utumwani. Namuonyesha upande wa kilima cha Lansdown, ulipo mnara wa William Beckford, uliomalizika 1827. Alirithi mashamba ya miwa ya Jamaica akiwa mtoto. Aliandika Vathek, riwaya ya khalifa anayeiuza roho yake, na aliiandika kwa Kifaransa. Jamaica yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Aliwahi kufunga safari, akaishia Lisbon.

Halafu nawapeleka Gravel Walk, kijia cha nyuma. Wapenzi wa Persuasion wanakijua kwa sababu ndipo Anne, binti wa Sir Walter, na mpenzi wake Wentworth wanapopatana hatimaye. Mimi nakipenda kwa jambo jingine. Ukiwa huku unaona migongo ya nyumba za fahari: madirisha yasiyolingana, mabomba, vyumba vilivyobandikwa, bomba za moshi kila moja na urefu wake. Huku juu wajenzi walisimamia uso tu. Aliyenunua alinunua urefu fulani wa ule uso, nyuma yake akajenga apendavyo na kwa fedha aliyonayo. Wageni wengi hawafikishwi huku, na kwa maoni yangu asiyefika huku ameona nusu ya mji, tena nusu iliyovalishwa.

Shangazi anatazama kamba ya nguo iliyoanikwa. “Hapa sasa wanaishi watu.”

Saa 11 jioni

Gari tena, maili mbili hivi magharibi, hadi Fairfield House. Kituo hiki hakimo kwenye ziara yangu ya kawaida. Mwaka 1936, baada ya jeshi la Mussolini kuingia Addis Ababa, Mfalme Haile Selassie wa Uhabeshi alikimbilia Uingereza, akainunua nyumba hii, akaishi hapa hadi 1940. Katika miaka hiyo ya Bath alianza kuandikisha kitabu cha maisha yake kwa Kiamhari. Kwangu mimi hicho kinaiingiza nyumba hii katika ziara ya fasihi bila mjadala. Mwaka 1958 aliutolea mji nyumba yake kwa ajili ya wazee.

Jengo lenyewe ni la mtindo wa Kiitalia. Nikilitaja hilo, mzee anaguna: “Amefukuzwa na Mwitaliano, kaja kulala kwa Mwitaliano.”

Kisha anasema ambalo hakuna aliyelijua, hata wanawe. Marehemu baba yake alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki, na alikwenda vita vya Uhabeshi. Wale askari, wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland, walipanda kutoka Kenya pamoja na majeshi mengine ya Uingereza, na Addis Ababa ikatwaliwa tarehe 6 Aprili 1941. Mfalme akaingia mjini kwake tarehe 5 Mei, miaka mitano kamili tangu Waitalia walipouingia.

“Baba alikuwa anasema tulimrudisha mfalme,” anasema mzee. “Sisi watoto tulidhani anajisifu.”

Kijana anamtaka arudie, anamrekodi kwa simu. Mzee anaanza upya, safari hii na majina ya vituo, marefu ya mwendo, baridi ya milimani, viatu. Namuacha. Dereva wa teksi ameshazima injini.

Saa 2 usiku

Wamepanda treni. Shangazi amenifungia kipande cha mkate wa mchana kwenye tishu, nikale nyumbani. Nala nikiwa najibu ujumbe: mtu anauliza kama navaa gauni la zamani kazini (hapana), mwingine anataka ziara ya saa moja yenye kila kitu.

Kesho ni Wamarekani, ziara ya saa mbili tu, Jane Austen mtupu. Nimeshawaandikia wavae viatu vya kutembelea kwenye kokoto, maana Gravel Walk lazima tupite.