Kukagua draiva ya AES: tumefika kwenye IV

Mdogo wangu mmoja wa Chumbageni, hapa Tanga, ameandika draiva ya Linux, yaani programu ya kuendesha kitengo cha AES (njia ya kusimba data kwa ufunguo wa siri) kilichomo kwenye chipu ya bodi yake ya ARM. Ameniomba niipitie kabla hajaituma kwa wasimamizi wa kerneli, kiini cha Linux. Tunafanya jioni jioni, umeme ukiwepo.

Jumanne

Alinifungulia kwa furaha /proc/crypto, orodha ya njia za usimbaji ambazo kerneli inazo: selftest, passed, yaani jaribio limepita. Nikamwambia tutazame kwanza usanidi. Kumbe kerneli yake, 6.1, ina CONFIG_CRYPTO_MANAGER_DISABLE_TESTS=y. Ikiwa hivyo majaribio hayafanyiki kabisa, na neno passed linaandikwa vilevile. Hili linanikera, maana watu wanaliamini. Tumeyawasha, pamoja na yale ya ziada, tukajenga upya. Ikachukua hadi adhana ya isha.

Ijumaa, baada ya swala

cbc(aes), yaani AES kwa mtindo wa CBC wa kuunganisha bloku, imeanguka kwenye kusimbua, kurudisha data ya asili. Nimefurahi, kwa sababu nilikuwa nalishuku eneo lile lile.

Katika CBC kila bloku ya baiti 16 inategemea bloku iliyosimbwa kabla yake. Kwa hiyo ombi likiisha, draiva lazima iache kwenye IV (thamani ya kuanzia, inayoshika nafasi ya bloku iliyotangulia ile ya kwanza) bloku ya mwisho iliyosimbwa, ombi linalofuata liendelee hapo. Wakati wa kusimba, bloku hiyo imo kwenye matokeo, unainakili mwishoni. Wakati wa kusimbua imo kwenye data iliyoingia; na kama data inaingia na kutoka kwenye kumbukumbu ile ile, chipu ikimaliza imeshaiandikia juu. Yeye alikuwa anainakili baada ya kazi kwisha. Tukasimbua data moja kwa maombi mawili: kipande cha kwanza safi, cha pili baiti 16 za mwanzo takataka, zilizobaki zote sawa. Ukiona sura hiyo, shuku IV kabla ya ufunguo. Ufunguo ukikosewa hakuna kinachosalimika.

"Kaka, kwa hiyo niihifadhi kabla ya DMA?"

Ndiyo. DMA ni chipu kusoma na kuandika kumbukumbu yenyewe, bila kupitia CPU; ihifadhi kabla hata ya dma_map_sg, inayoiandalia chipu ramani ya kumbukumbu hiyo. Amerekebisha, majaribio yamepita kikweli.

Jumapili

Ufunguo alikuwa ameuweka kwenye steki (kumbukumbu ya muda ya funksheni) na kuipa DMA anwani yake, jambo lisiloruhusiwa. Ameuhamishia kwenye kumbukumbu ya kuomba kwa kmalloc, na anauachia kwa kfree_sensitive, inayoufuta kwanza. Kfree ya kawaida huuacha umekaa pale pale. Funguo za baiti 24, ambazo chipu yake haizijui, sasa zinapelekwa kwenye AES ya programu badala ya kurudisha kosa.

Kinachonitia wasiwasi sasa ni njia za makosa. Chipu ikigoma na muda ukaisha, draiva inarudisha -ETIMEDOUT bila dma_unmap_sg, na chipu yenyewe haijasimamishwa. Inaweza kuendelea kuandika kwenye kumbukumbu ambayo kerneli imeshaigawa kwingine. Nimemwambia aireseti chipu kwanza, aondoe ramani za DMA, ndipo ombi lijibiwe. Kipande hicho bado hajaniletea.