Kanzu ya Kuazima

Tumsifu Yesu Kristo.

"Baba yangu na mama yangu wameniacha, Bali BWANA atanikaribisha kwake." (Zaburi 27:10)

Mwigizaji Alec Guinness alizaliwa London tarehe 2 Aprili 1914. Kwenye cheti chake cha kuzaliwa, mahali pa jina la baba paliachwa wazi. Huwa nawaza kwamba labda ndiyo maana akawa fundi wa kuvaa sura za wengine: mwaka 1938 alikuwa Hamlet, mhusika mkuu wa tamthilia ya Shakespeare, katika ukumbi wa Old Vic, na mwaka 1949, ndani ya filamu moja, aliwaigiza watu wanane wa ukoo mmoja, mwanamke akiwamo.

Kisha akapewa nafasi ya padri mpelelezi katika filamu ya Father Brown, iliyotoka 1954. Baadhi ya picha zilipigwa kijijini huko Burgundy, Ufaransa. Jioni moja kazi ilisimama kidogo, naye akawa anarudi alikofikia, kanzu ya upadri ikiwa bado mwilini. Giza linaingia. Akasikia vishindo vya miguu midogo nyuma yake na sauti ikiita, "Mon père!" Yaani Baba, kama sisi tunavyowaita mapadri wetu. Mtoto asiyemjua kabisa akamshika mkono, akaubembeza huku akipiga soga njia nzima. Guinness hakuthubutu kufungua kinywa, maana Kifaransa chake kibovu kingemtisha mtoto. Mwishowe mtoto akamtakia jioni njema, akapenya kwenye tundu la ua, akapotea.

Hapo ndipo mimi hukwama kila nikisoma. Kanzu ilikuwa ya kuazima, lakini imani ya mtoto ilikuwa ya kweli. Na aliyeitwa Baba ni mtu ambaye cheti chake hakikuwa na jina la baba. Guinness hakuwa Mkatoliki, tena mapadri aliwashuku. Akajiuliza: Kanisa linalomfanya mtoto amwamini padri asiyemjua namna hii, linawezaje kuwa la hila kama alivyosikia?

Miaka hiyo mwanawe Matthew alipata polio, akapooza kuanzia kiunoni. Baba mtu akawa anapita kwenye kanisa dogo la Kikatoliki akirudi kutoka kazini, anakaa kimya. Akamwahidi Mungu: mtoto akipona, sitamzuia akitaka kuwa Mkatoliki. (Mikataba ya namna hii siipendekezi kwa mtu, nadhiri ya Yefta katika Biblia ilimgharimu binti yake.) Matthew akapona.

Tarehe 24 Machi 1956 Guinness mwenyewe alipokelewa katika Kanisa. Tuzo ya filamu ya Oscar ilikuja baadaye, 1958, na mwaka uliofuata akapewa heshima ya kuitwa Sir. Alipokuja kuandika habari za maisha yake, hakumwacha nje yule mtoto wa Burgundy.

Jumuiya zikikutana wiki hii, tuisome Zaburi ya 27 yote, polepole.