Joto lilelile, majibu mawili

Juzi mwanangu aliniuliza, "Mama, mtu anaweza kuzuia mwanga usiingie dirishani bila kufunga pazia?" Nikamwambia inawezekana. Akaridhika, akaenda kucheza. Mimi nikabaki nawaza ile maabara ya ghorofa ya chini na lile sanduku letu lililojaa naitrojeni kavu.

Mwanga tuliohangaika nao hauonekani kwa macho. Ni mawimbi ya terahezi, yaliyo kati ya mikrowevu na infraredi. Kwenye masafa ya terahezi 1, yaani mitetemo trilioni moja kwa sekunde, urefu wa wimbi ni milimita 0.3. Mvuke wa maji huyanyonya mno, ndiyo maana tulihitaji naitrojeni. Hewa ya kawaida ikipenya, grafu ya mwanga uliopita inatoboka mashimo membamba, kwenye terahezi 0.557, kwenye 0.752, na kazi ya asubuhi nzima inaharibika.

Ndani ya sanduku tulikuwa na bamba la yakuti samawi, na juu yake pete za dhahabu zenye upana wa takriban mikromita 40, zimepangwa safu kwa safu. Kila pete ina mwanya, na ndani ya mwanya kuna utando wa dioksidi ya vanadi. Hiyo ndiyo metasafesi yetu, yaani uso uliochorwa maumbo madogo ili kuuongoza mwanga. Mwanya ukiwa wazi, umeme huyumba ndani ya pete kwa masafa yake maalumu, na wimbi la masafa hayo halipiti vizuri. Lakini dioksidi ya vanadi ina tabia ambayo mwanafizikia Morin aliieleza mwaka 1959: ikipashwa joto hadi karibu nyuzi 68 za Selsiasi, inaacha kuwa kihami na kupitisha umeme kama metali. Hapo mwanya unazibika, na wimbi linapewa njia.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine. Kupanga vioo, kutafuta mpigo wa leza, kusubiri sanduku likauke.

Tukaanza kupandisha joto. Kwenye nyuzi 65 tulisimama tukapima. Kile kioo kinachosogea kilitambaa polepole kwenye reli yake, mpigo ukachoreka kwenye skrini, kompyuta ikaugeuza kuwa masafa, na shimo letu, lile la masafa yanayozuiwa na pete, likawa palepale, karibu na terahezi 0.8, pana na refu kwenda chini. Tukapandisha tena. Shimo likaanza kujaa. Tulipopita nyuzi 70 halikuwapo kabisa. Grafu ilipita hapo imenyooka.

"Dada, limekwenda," mwenzangu alisema. Nilimwomba asiguse kitu.

Tukashusha joto. Kwenye nyuzi 65 tulisimama tena, tukapima. Nilikuwa nimekaza macho mahali shimo lilipopaswa kuwa. Mstari ukaja kutoka kushoto, ukapita hapo, haukuinama hata kidogo. Joto lilelile, bamba lilelile, na mwanga unapita. Tulikaa kimya tukarudia kipimo kwa sababu hakuna aliyetaka kusema kwanza. Jibu halikubadilika. Ilibidi tushuke nyuzi kadhaa zaidi ndipo shimo likaanza kurudi.

Vitabuni jambo hili linaelezwa vizuri, na nilikuwa nimelisoma: mabadiliko ya kwenda na ya kurudi hayapiti njia moja. Lakini kuliona kwenye pete zako mwenyewe ni habari nyingine. Lile bamba lilikuwa na namna ya kukumbuka lilikotoka, na ukilitazama kwenye nyuzi 65 bila kujua historia yake, huwezi kutabiri litafanya nini.

Mwenzangu aliona kasoro. Swichi nzuri, alisema, inatii amri ya sasa, na haraka. Alikuwa na hoja: mwaka 2006 Hou-Tong Chen na wenzake walikuwa wameshaonyesha pete za dhahabu juu ya galiamu asenidi, aina ya nusukipitishi, zikiendeshwa kwa volti, bila kungoja kitu kipoe. Baadaye mwenzangu alihamia kwenye grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomi moja, nayo pia inaongozwa kwa volti. Mimi niliona uso unaoweza kupewa amri mara moja na kuishika, ilimradi uwekwe kwenye joto la katikati.

Tulibishana jioni ile hadi tukafunga maabara, na tukikutana bado tunabishana. Siku nyingine namwona ana haki, hasa nikifikiria mawasiliano yatakayotaka mwanga uzimwe na kuwashwa mabilioni ya mara kwa sekunde. Lakini ningepewa tena mashine ile, ningeliacha bamba usiku kucha kwenye nyuzi 65, nijue lingeishika amri yake kwa muda gani.